i7 Si Cheo

Mpiga video za harusi mmoja alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amezunguka maduka ya Kariakoo siku mbili akitafuta vipuri vya kusukia kompyuta moja, ya kuhariri harusi mchana na kuchezea gemu usiku, na kila muuzaji alimwachia neno la hekima. "Kaka, sijanunua kitu bado," alisema. "Nipitishie haya niliyoambiwa, nijue lipi la kushika." Nikamuuliza kamera yake inarekodi mfumo gani. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza habari za mjomba wake. Siku mbili madukani, hilo hakuulizwa hata mara moja.

Neno la kwanza kwenye karatasi: "Chukua i7, i5 na i3 ni za ofisini."

i7 si cheo cha jeshi, kwamba kanali akishakuwa kanali basi meja atampigia saluti milele. Kinachosema umri wa prosesa ni namba zinazofuata. Core i7-4770 ni ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013. Core i3-12100 ni ya kizazi cha 12, ya mwaka 2022. Zote zina kore nne, lakini hiyo "ndogo" inaiacha "kubwa" mbali, kwenye gemu na kwenye video. Tena Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Anayekuuzia i7 bila kutaja kizazi ni sawa na anayekuuzia gari kwa jina bila kutaja mwaka.

La pili ndilo lililonifanya nivute kiti: "Yenye herufi F mwishoni ni ileile, ila bei nafuu."

Kwa anayecheza gemu tu, muuzaji hakusema uongo. Core i5-12400 na 12400F zina kore sita zilezile na kasi ileile. F maana yake ni kwamba grafiki iliyomo ndani ya prosesa imezimwa, na mwenye kadi yake ya grafiki haihitaji kuonyesha picha. Lakini ndani ya grafiki hiyo mna kitu Intel wanakiita Quick Sync, kazi yake kufungua na kufunga faili za video, na hapo ndipo mtu wa harusi anapoumia.

Kijana anapiga kwa Sony A7 IV, HEVC ya biti 10, 4:2:2. Tarakimu hizo zinahusu rangi. Kwenye 4:2:0, ambayo ndiyo ya simu nyingi, nukta nne za picha hugawana taarifa moja ya rangi. Kwenye 4:2:2 zinazogawana ni nukta mbili tu. Ukija kurekebisha rangi ya ngozi chini ya taa za ukumbini, au kitambaa chekundu cha sare, tofauti unaiona. Gharama yake ni kwamba kadi nyingi za grafiki hazijui kulifungua faili hilo. NVIDIA za RTX 30 na RTX 40 hufungua HEVC ya 4:2:0 bila shida, ila 4:2:2 haziigusi, na uwezo huo ulikuja na RTX 50 mwaka 2025. Grafiki ndogo ya ndani ya Intel, ile ambayo kila mtu anaidharau, imekuwa ikiifungua tangu kizazi cha 11. Ukinunua F, mzigo wote unaangukia kore za prosesa, nazo zinafungua kwa nguvu za mikono. Unaburuta video, picha inaganda, sauti inaendelea.

Kwa hiyo fedha kidogo aliyoambiwa ataokoa angeilipa kila siku mbele ya kioo. Achukue isiyo na F, kisha aingie kwenye BIOS ahakikishe grafiki ya ndani imewashwa, maana madabodi nyingine huizima zikiona kadi imechomekwa. Naongeza tahadhari: nasema HEVC. Akibadili kamera irekodi H.264 ya 4:2:2, Intel hizo nazo hazimsaidii, na itabidi atengeneze nakala nyepesi za kuhariria. Na kama angekuwa anapiga kwa simu tu, aya hizi tatu zisingemhusu, F ingemtosha.

"Kadi yenye GB nyingi ndiyo yenye nguvu." Hili ni nusu kweli. Kuna kadi za GT 730 zenye GB 4, za mwaka 2014, na hakuna gemu kubwa la leo zitakalolibeba hata zikijazwa GB 40. Upande wa pili, RTX 4060 ya GB 8 kwa kawaida huipita RTX 3060 ya GB 12 kwenye gemu, lakini ukifanya kazi ya 4K yenye kusafisha chengachenga za gizani, hizo GB 12 zinakuwa na maana. Yeye chakula chake kinatoka kwenye video. Nikamwandikia 3060.

Kuhusu taa za rangi ndani ya kasha, azinunue akizipenda. Kwa joto la Dar mimi ningetazama kwanza kama uso wa kasha una matundu ya kupitisha hewa au ni kioo kitupu.

"Weka NVMe ya megabaiti 7,000 kwa sekunde, video itateleza." Tulipiga hesabu pamoja. Video yake ya 4K inarekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde. Gawa kwa nane, ni megabaiti 12.5. Diski ya kuzunguka inayosoma megabaiti 150 haitoki jasho kwa hilo, na SSD ya kawaida ya SATA inapita 500. Kinachoganda ni ufunguaji niliousema juu, si diski. Hesabu ileile ikatuonyesha tatizo lake halisi: megabaiti 12.5 kwa sekunde ni GB 45 kwa saa. Kamera tatu, saa sita kila moja, ni GB 810 kwa harusi moja. NVMe ya wastani kwa kazi inayoendelea, na fedha inayobaki anunue diski mbili kubwa za kuhifadhi, nakala kila moja. Harusi hairudiwi.

Neno la tano lilitoka kwa binamu yake, si dukani: achukue mashine ya mtumba yenye Xeon, "kore 14, wenzako wana sita". Alimaanisha E5-2680 v4, ya mwaka 2016. Kore 14 ni kweli, na kwa mtu wa Blender anayeacha mashine ichore usiku kucha ningemwambia achukue. Lakini kasi yake haivuki GHz 3.3, gemu nyingi hutegemea kore chache zenye mbio, haina grafiki ya ndani, hivyo Quick Sync hakuna, na Windows 11 rasmi haiitambui. Kati ya mambo mawili anayoyataka kijana, haifanyi vizuri hata moja.

Likabaki la mwisho: "Pawa saplai ni pawa saplai, mradi iwe na wati 600." Aliposoma hilo sauti ilishuka. Kisha akafungua begi. Kumbe alikuwa amenunua kitu.

Akaiweka mezani, nyepesi kama boksi la viatu lisilo na viatu. Ubavuni stika imeandika wati 600 kwa herufi nono. Nikamwambia asome mstari mdogo wa +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki hulishwa hapo. Ampea 20. Ishirini mara 12 ni wati 240, hizo nyingine ni za mistari ambayo kompyuta ya leo haina kazi nayo kubwa. i5-12400 ikikaza hufika wati 117, RTX 3060 inataka 170. Jumla 287, kabla ya feni, diski na madabodi.

Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na swichi nyekundu ya kuchagua umeme, na ilikuwa imekaa kwenye 115. Umeme wetu ni wa volti 230. Nikamwambia asiichomeke hata kwa majaribio. Aliikumbatia akatoka mbio kuirudisha kabla duka halijafungwa, karatasi akaisahau kwangu.