Kinu cha Nyuklia Kikija Siaya, Nani Atahesabu Fueli?

Ukipita Kondele au Dunga siku hizi, stori ya kinu cha nyuklia haiishi. Uyombo kule Kilifi wakazi walikipinga vikali mwaka 2024, kisha macho ya serikali yakageukia huku kwetu Siaya, ambako Lwanda Kotieno na sehemu nyingine za ufuo zimetajwa. Huyu anauliza bei ya stima itashuka lini, yule anauliza samaki watakuwaje. Wewe mwenye digrii kabatini unauliza kazi. Yote ni maswali halali. Ila lipo moja ambalo hatuliulizi vya kutosha: fueli ya kinu hicho itahesabiwa na nani, isije ikaishia kwenye silaha?

Usitishike bure. Kinu cha umeme si bomu. Fueli yake kwa kawaida ina urani-235 ya asilimia 3 hadi 5, ilhali ya bomu hufikishwa karibu asilimia 90. Lakini fueli ikishatumika huwa imezalisha plutoni, na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, huhesabu kilo 8 tu za plutoni kuwa kiasi kinachoweza kutosha bomu moja. Ndiyo maana fueli huandikwa kwenye daftari, huwekewa mihuri na kamera, na wakaguzi hufunga safari kutoka Vienna kuja kuhakikisha. Kenya ilijifunga kwa haya kitambo: iliridhia mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia mwaka 1970, na tangu 2009 imewapa wakaguzi ruhusa pana zaidi.

Unadhani ni urasimu tu? Tazama majirani zetu. Kinshasa ndiko kulikowashwa kinu cha kwanza cha utafiti Afrika, mwaka 1959. Baadaye fimbo za fueli zikapotea, na mwaka 1998 moja ikanaswa Italia mikononi mwa mafia. Haikutosha kutengeneza bomu, lakini kumbuka ilivyosafiri: kutoka ukingo wa mto Kongo hadi Ulaya.

Sasa, kuzuia mambo kama hayo ni taaluma, na husomewa hadi shahada ya uzamili. Ndani yake kuna fizikia ya fueli, sheria za mikataba, udhibiti wa bidhaa bandarini na mipakani, na namna ya kusoma picha za setilaiti. Si ya wanafizikia pekee. Wakili ana nafasi, mwanakemia pia, hata aliyesoma siasa. Tena silaha za maangamizi si nyuklia tu. Zipo za kemikali na za vimelea vya magonjwa. Kama ulisoma baiolojia, jua kwamba kulinda sampuli katika maabara kama za KEMRI pale Kisian ni sehemu ya taaluma hii.

Mlango uko wapi? Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha sayansi ya nyuklia katika ngazi ya uzamili. Dada zetu wana ufadhili wa IAEA wa Marie Skłodowska-Curie, ulioanzishwa 2020: hadi yuro 20,000 kwa mwaka, kwa muda usiozidi miaka miwili, na masomo ya kuzuia kuenea kwa silaha yamo. Lakini milango mingine inafungwa. Agosti 2025, Middlebury ya Marekani ilitangaza kusitisha masomo ya uzamili katika taasisi yake ya Monterey, iliyovuma duniani kwa shahada hii hasa. Kwa hiyo kungoja kusomeshwa ng'ambo si mpango wa kutegemea.

Hapa ndipo jambo linatuhusu. Serikali inataja 2034 kuwa mwaka wa umeme wa kwanza wa nyuklia. Mwanafunzi anayeingia Maseno leo, au JOOUST pale Bondo, anaweza kuwa na uzamili na uzoefu kiasi kufikia wakati huo. Asipoandaliwa, kazi za lango na jikoni zitabaki zetu, na daftari la fueli litashikwa na mgeni. Kisha siku kukiwa na tetesi kwamba kitu kimepotea, mama mchuuzi wa omena atamuuliza nani? Mtu wa kwao anayejua hesabu, au msemaji wa Nairobi anayesoma taarifa?

Uwe unakitaka kinu hiki au unakipinga, utahitaji mtu wako anayeweza kulisoma daftari hilo. Basi kikao cha kukusanya maoni kikifika kwenu, usiishie kwa swali la vibarua. Uliza ni vijana wangapi wa ufuo huu watasomeshwa ukaguzi wa nyuklia, katika chuo gani, kuanzia mwaka gani. Kisha dai jibu liandikwe.