Mwanakiswahili na Tarakilishi

Mwanafunzi wa Kiswahili hakosi jamaa wa kumuuliza kwa nini hakusomea tarakilishi. Baadhi yetu hutikisika, wakaanza kuiona shahada yao kuwa mzigo. Kwa maoni yangu, swali lenyewe limekosewa, kwani taaluma hizi mbili si wake wenza.

Tulichukue neno “hatutawasahau”. Ndani yake mna kikanushi, nafsi, njeo, yambwa na mzizi. Programu ya kusahihisha hijai inayotegemea orodha ya maneno pekee italitilia shaka, kwa kuwa hakuna orodha iwezayo kumaliza maumbo yote ya kitenzi cha Kiswahili. Mashine yahitaji kanuni za viambishi, na kanuni hizo anazo aliyesoma mofolojia. Aidha, Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotolewa kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, isingewezekana bila waunda istilahi.

Hata hivyo, kuipenda lugha hakutoshi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: anayeingia uwanja huu ajifunze kuandika programu kwa dhati. Asiye na subira ya kusaka kosa moja katika mistari mia, asivutwe na mshahara. Idara zetu nazo zimruhusu mwanafunzi wa isimu kusoma kozi za tarakilishi, zihesabiwe katika shahada yake. La sivyo, wasiojua ngeli ndio watakaoamua Kiswahili kiandikweje mashinenai.