Tusimlaumu ng'ombe, tuipe ardhi mapumziko

Yeyote aliyepita pembezoni mwa Soweto, kusini magharibi mwa Johannesburg, amewaona ng'ombe wakichungwa kati ya nyumba na barabara. Malisho yanapochakaa, wapo wanaotaka mifugo iondolewe kabisa, na wapo wanaotaka iachwe ijitafutie. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimekosea.

Ufugaji huu haukuanza jana. Katika vilima vya mawe vya Klipriviersberg, upande wa mashariki wa Soweto, yangali mabaki ya kuta na mazizi ya Watswana waliofuga hapo kabla dhahabu haijaleta jiji la Johannesburg mwaka 1886. Udongo wa vilima hivyo ni mwembamba juu ya mwamba; maji hayakai na mizizi haina pa kwenda.

Mahali kama hapo ni majani yanayoushika udongo. Themeda triandra, ambayo kwa Kiafrikana huitwa nyasi nyekundu, hupendwa na mifugo, hivyo huliwa mwanzo. Ikiliwa mfululizo, mizizi yake hudhoofika, na nafasi yake huchukuliwa na nyasi ngumu kama Aristida, ambazo ng'ombe hawazitaki. Ardhi ikibaki wazi, mvua za Oktoba hadi Aprili huusomba udongo, na mwamba hautoi mwingine katika umri wa mtu.

Lakini kuzuia mifugo na moto kwa miaka mingi nako si dawa. Themeda hufunikwa na majani yake yenyewe yaliyokauka, ikakosa mwanga na kufa.

Tutazame Serengeti. Katika tambarare za kusini mashariki, ambako udongo ni mfupi juu ya tabaka gumu, nyumbu zaidi ya milioni moja hula wakati wa mvua, kisha huhama. Majani hayo hustahimili kuliwa sana kwa kuwa hupata muda wa kupumzika.

Rai yetu ni kwamba wakuu wa jiji na wenye mifugo wa Soweto wakae pamoja, wakubaliane idadi ya ng'ombe na kuyagawa malisho. Sehemu moja iachwe msimu mzima wa mvua mpaka nyasi zitoe mbegu, kisha zamu ihamie nyingine. Ng'ombe aliyekamatwa hukombolewa kwa faini. Udongo uliokwenda na maji haukombolewi.