Mchoraji katuni si msanii aliyeshindwa

Imani moja imeota mizizi katika vyumba vya habari, vyuo vya sanaa na hata sebuleni mwa wazazi: kwamba katuni huchorwa na mtu aliyeshindwa kuchora picha za maana. Ni imani ya uongo, na inawanyima watu riziki.

Mtazame mchoraji katuni Terry Hirst. Alihamia Kenya mwaka 1965 akitokea Uingereza, akafundisha sanaa na kuongoza idara ya fani hiyo katika chuo cha Kenyatta. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa, Nairobi. Mtu wa aina hiyo hakufungiwa mlango wa sanaa ya ukutani. Hata hivyo, mwaka 1973 yeye na mwanahabari Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe, na kalamu yake akaihamishia huko.

Anayebeza katuni ayachunguze majalada ya jarida hilo. Hirst aliwachora watu wa Nairobi kwa umati, kila mmoja na sura yake na hangaiko lake. Kuwapanga watu wote hao katika ukurasa mmoja bila kuuvuruga, kisha kumfanya msomaji acheke kwanza na kuumia baadaye, ni kazi ngumu. Jaribu kuchora nyuso kumi tu zisizofanana uone. Joe lilikoma mwaka 1979, lakini Hirst hakurudi nyuma: mwaka 1994 kilitoka kitabu chake, The Struggle for Nairobi, historia ya jiji iliyosimuliwa kwa katuni.

Na mchoraji katuni Gado je? Aliacha masomo ya usanifu majengo Dar es Salaam, akaenda Nairobi mwaka 1992 kulichorea gazeti la Daily Nation. Nani atasema huyo alishindwa?

Nitaambiwa kuwa katuni mbovu zimejaa. Kweli zimejaa, kama yalivyojaa mashairi mabovu, na bado hatumwiti kila mshairi mtunzi wa riwaya aliyeshindwa.

Wahariri, acheni kumwita mchoraji saa ya mwisho ili ajaze pengo la ukurasa. Mwiteni kwenye kikao cha asubuhi pamoja na waandishi, liandikeni jina lake, na mlipeni kama mnavyomlipa mwandishi wa safu.