Mkimbizi Naye Ashangilie

Kuna neno nalisikia kila mara hapa Kigali kutoka kwa wakubwa zetu, na sasa limenichosha: "Uko mkimbizi, unafurahia nini?" Lilisemwa sana Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipokuja Afrika kwa mara ya kwanza. Vijana wetu walijipanga kando ya barabara ya mawe ya Kimihurura, wakampigia kelele Pogačar kama vile ni mtoto wa jirani. Na huko kwetu Kivu vita inaendelea. Basi wakaitwa watu wasio na haya.

Mimi nasema: waacheni.

Wanaowalaumu wana woga wa kweli, na ninauheshimu. Ukanda wetu umeona makundi yakiimba, kisha yakiua. Kwa hiyo mtu anahitimisha: umati hauna akili, ukiingia humo unapoteza na yako. Wazo hilo Mfaransa Gustave Le Bon alilitungia kitabu mwaka 1895, na tangu hapo limewafaa sana wenye hatia. Maana mwaka 1994 watu hawakupatwa na wazimu tu, jamani. Kulikuwa na orodha za majina, vizuizi barabarani, na redio RTLM iliyokuwa ikipanda chuki tangu 1993. Mahakama ya Arusha, Desemba 2003, haikuhukumu "umati". Iliwahukumu Nahimana, Barayagwiza na Ngeze, watu wenye majina. Ukisema umati ulipagawa, unawafichia siri waliopanga.

Umati ule ule waweza kuponya. Stephen Reicher na wenzake walichunguza mahujaji wa Magh Mela kule India, wanaokaa mwezi mzima kando ya mto Ganges. Baridi, kelele usiku kucha, usafi wa taabu. Ungedhani watarudi wagonjwa. Lakini walieleza kwamba hali yao imekuwa nzuri kuliko mwanzo, na wenzao waliobaki vijijini hawakupata nafuu hiyo. John Drury naye aliongea na walionusurika mabomu ya London, Julai 7, 2005. Watu wasiojuana walisaidiana gizani, hawakukanyagana. Wataalamu hao wanaeleza hivi: ukimwona aliye kando yako kuwa ni mwenzako, woga unapungua na furaha yake inakuwa yako. Kumbe la kuuliza kuhusu umati wowote ni hili: nani amehesabiwa humo kuwa "sisi", na nani ameachwa nje?

Mtu atanijibu: kama dawa ni baridi na kelele, kambi ya Kiziba inavyo tangu 1996, mbona hatuponi? Kwa sababu hija mtu anaichagua, na kambi anapangiwa. Umati tunao tele. Tunaoukosa ni ule tuliouchagua wenyewe.

Hapo nawageukia na wanaotuhudumia. Msaada wa moyo tunaopewa ni mtu mmoja, kiti kimoja na fomu: Unalala? Unaota nini? Umepoteza nani? Siukatai, umewaokoa wengi. Lakini hatukukimbia mmoja mmoja. Tulikimbia vijiji vizima. Fomu gani imewahi kuuliza: mara ya mwisho uliimba na watu lini? Kwaya ikiomba nauli na spika, inaambiwa hiyo ni burudani, haimo kwenye bajeti. Kisha Juni 20 inafika, Siku ya Wakimbizi, ngoma zinaitwa mbio, kamera zinaletwa, na tabasamu letu linaingia kwenye ripoti kuonyesha kwamba tuko sawa. Hapana. Furaha yetu si risiti ya mtu. Kama ina faida, ilipiwe nauli mwaka mzima. Kama haina, msiipige picha.

Na nyinyi wazee wangu, haya mnayajua kuliko vitabu. Kwetu penye kilio watu wanakesha pamoja, wanaimba, hata kuchekeshana, na hakuna anayesema mfiwa amemsahau marehemu wake. Tunajua kwamba bila watu wale asingefika asubuhi. Kijana aliyepaza sauti Kimihurura hajasahau Uvira. Kwa dakika chache alikuwa na watu, na hakuna aliyemuuliza karatasi. Safari ijayo mwende naye.