Sindano Si Aibu kwa Mtu wa Kalamu

Ndugu wanachama, si mara moja tumesikia mikutanoni kwamba mshahara hauufikii mwisho wa mwezi. Neno hilo ni kweli, na chama kisiache kudai nyongeza. Lakini hapana budi tuulizane: hicho kidogo tukipatacho, twakitunzaje?

Twaona karani akitupa shati zima kwa sababu ukosi umelika pale ugusapo shingo, hali upande wake wa chini ungali mzima. Dawa yake ni nyepesi: fumua mshono uushikao ukosi, ugeuze ili palipolika pawe chini, kisha ushone pale pale. Jioni moja yatosha. Hali kadhalika bomba livujalo usiku kucha, mara nyingi mpira mdogo ulio ndani ya koki ndio uliolika. Funga maji kwanza, fungua koki, utie mpira mpya. Walakini nyaya za umeme mwachie fundi. Hapo akiba yaweza kugharimu roho.

Wako wasemao kwamba kazi za mkono hazimpasi mtu wa kalamu. Sisi twaona aibu ni kumkwepa mwenye duka kila ifikapo tarehe 20. Tena adaiye nyongeza naye hana deni dukani husema kwa sauti thabiti, wala hapana awezaye kumjibu kuwa ni mpotevu wa mali. Basi tuzibe ufa, tusije tukajenga ukuta.