Ajali ya Umeme Ina Kinga

Mimi ni mganga katika zahanati ya kijiji. Umri wangu ni mdogo na cheti changu bado ni kipya. Kwa hiyo mzee akisema, mimi hunyamaza. Lakini kuna msemo mmoja ambao leo naukataa. Msemo huo ni "Ajali haina kinga."

Masika iliyopita, mama mmoja aliletwa zahanati kwa pikipiki. Alikuwa akianika nguo. Kamba yake ilikuwa waya wa chuma uliofungwa kwenye paa la bati. Juu ya bati hilo ulipita waya wa umeme uliovutwa kutoka kwa jirani. Upepo uliusugua waya huo siku nyingi, mpaka ukachubuka. Bati likaingia umeme. Kamba nayo ikaingia umeme. Mama akaishika kwa mikono yenye maji, miguu mitupu, juu ya udongo uliolowa. Alipofika kwetu alikuwa amekwisha kufa. Katika kabati langu hakuna dawa ya kumrudisha.

Msibani mzee mmoja aliniambia, "Ajali haina kinga, mwanangu." Nikaitikia, "Ndiyo, mzee." Baada ya wiki moja nilipita pale. Waya ule ule ulikuwa juu ya bati lile lile. Umezungushiwa nailoni tu.

Shikamoo, mzee wangu. Leo naomba nikujibu. Ajali ile ilikuwa na kinga.

Umeme wa nyumbani una volti 230. Nguvu hiyo inatosha kuua. Ukishika waya, misuli ya mkono hukaza na huwezi kuuachia. Umeme ukipita kifuani, moyo hutetemeka badala ya kupiga. Damu haitembei. Mtu hufa kwa dakika chache. Mwili uliolowa hupitisha umeme kwa urahisi zaidi.

Wengine husema, "Waya huu una miaka mitatu, mbona haujaua mtu?" Umeme hauna mazoea. Jua linaupasua waya. Panya wanautafuna. Wengine husema hawana fedha za fundi. Ni kweli, fundi anataka fedha. Lakini nimeingia nyumba yenye televisheni kubwa, na waya wake umeungwa kwa nailoni. Hapo si umaskini. Hapo ni kupuuza.

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakachimba vyoo. Hawakusema kuhara ni bahati mbaya. Na sisi tusiseme hivyo juu ya umeme.

Tufanye haya:

1. Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwambie akuonyeshe leseni yake.
2. Tusivute umeme kwa jirani kwa waya wa kupita juu ya bati, juu ya miti au chini ya ardhi.
3. Kamba ya nguo isiwe ya chuma, wala isifungwe kwenye bati.
4. Fyuzi ikikatika, usiweke msumari wala waya mnene. Fyuzi hukatika ili nyumba isiungue.
5. Ukiona bati, ukuta au jiko linakutetemesha, zima swichi kuu. Usiwashe tena mpaka fundi aje.

Mtu akinaswa na umeme nyumbani, usimshike. Utanaswa na wewe. Zima swichi kuu kwanza. Kama huwezi, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mti mkavu. Lakini waya wa nguzoni ukianguka, kaa mbali kabisa. Hapo mti haukusaidii. Waite TANESCO.

Akiwa hapumui, mlaze chali. Bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache mpaka apumue au msaada ufike. Akiwa ameungua, mwagia maji safi ya baridi dakika 20. Usipake dawa ya meno wala unga. Mlete zahanati hata kama anasema ni mzima, kwa sababu umeme huunguza ndani.

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma, toka nje. Tazama bati lako. Tazama kamba yako ya nguo. Halafu mwite jirani yako naye atazame. Mimi napenda tukutane zahanati kwa kupima watoto uzito, si kwa kufunika maiti.